Bologna hadi Göteborg kwa treni: tulale wapi njiani?

#1 Jirani wa Bombo
Wakuu, salaam. Wazoefu wa treni za Ulaya naomba msaada.

Mimi, mke wangu na kijana wetu wa miaka 7 tuko Bologna, tulikuja harusini kwa shemeji. Nyumbani ni Göteborg. Tulikuja kwa ndege, tunarudi kwa treni. Sababu ni ya kifamilia, msinichimbe.

Nimepiga hesabu hivi: Bologna–Milano lisaa limoja na kidogo, Milano–Zürich masaa matatu na robo, Zürich–Basel lisaa, Basel–Hamburg karibu saba, Hamburg–København matano kasoro, København–Göteborg manne kasoro. Kukaa kwenye siti peke yake ni kama masaa 21, hapo sijaweka kusubiri. Siku moja haitoshi. Tulale wapi? Milano? Zürich? Hamburg? Au tuzungukie München?

Mizigo ni mabegi matatu na dumu la lita 5 la mafuta ya zeituni, ambalo wakwe wamesema tukiliacha tusirudi tena.

#2 Chumvi_Kidogo
Sababu ya kifamilia = michango ya harusi imemeza nauli ya ndege. Endelea mkuu, tupo.

#3 MzeeWaReli
Mleta mada, Zürich usilale. Bei ya chumba kimoja pale, Italia unalala na kunywa chai siku mbili.

Njia tamu ni Brenner, ile inayovuka milima ya Alps kati ya Italia na Austria. Bologna, Verona, Bolzano, Innsbruck, München. Kutoka Verona hadi München ni treni moja, masaa matano na nusu hivi, hubadilishi kitu. Mimi nimepita mara nne na kila mara nasahau kufungua gazeti. Reli inafuata mto, milima inabana pande zote mbili, mashamba ya matofaa na zabibu hadi kwenye ukingo wa tuta.

Mlale Bolzano. Kutoka stesheni hadi katikati ya mji ni kutembea kwa mguu. Pale kuna makumbusho ya Ötzi, yule mtu wa barafu aliyekutwa mwaka 1991 mpakani mwa Italia na Austria, amekaa kwenye theluji kama miaka 5,300. Kijana wa miaka 7 ukimwonyesha huyo atakusimulia mpaka amalize shule.

Kanuni yangu: lala mapema. Siku ya kwanza iwe fupi, mwili ukubali kwanza. Kesho yake unakwenda kwa nguvu.

#4 Kisumu_Bremen
Hoteli ya nini jameni? Panda treni ya usiku kutoka Italia hadi München, unaamka uko Ujerumani, pesa ya hoteli iko mfukoni. Jioni yake unapanda ingine ya usiku hadi Hamburg. Siku mbili, hulipii hoteli hata moja. Hizi Nightjet mpya ziko na vijumba vya kulala, una mlango wako na taa yako.

#5 Muunguja77
Ndugu yangu wa #4, hivyo vijumba ni vya mtu mmoja mmoja. Vilianza Desemba 2023 kwenye treni za Wien–Hamburg na Innsbruck–Hamburg. Mama, baba na mtoto wa miaka 7 wakilala kila mtu kwenye kisanduku chake, usiku kucha mtoto atakuwa anagonga milango ya watu. Familia inachukua behewa la vitanda vya kukunjwa, chumba kizima. Na chumba kizima si bei hiyo unayoifikiria.

Halafu usiku mmoja wa vitanda hivyo nimelala mimi. Nilisikia kila stesheni.

#6 Kisumu_Bremen
Sawa nimekosolewa, asante. Lakini hata hoteli karibu na stesheni unasikia kila stesheni 😂

#7 Shangazi wa Basel
Mzee, mimi hiyo kanuni yako ya kulala mapema imenilaza kwenye benchi la chuma.

Mwaka juzi nilitoka Milano alfajiri baada ya kulala vizuri, nikasema leo naingiza København. Mpaka Basel nilikuwa malkia. Karibu na Göttingen treni ikasimama uwandani dakika 90, hakuna stesheni, hakuna kitu, ng'ombe wanatuangalia. Kufika Hamburg treni ya mwisho imeshaondoka. Tiketi zangu zilikuwa vipande vipande, kwa hiyo hakuna aliyeona nina haki ya hoteli. Nilikaa stesheni ya Hamburg hadi asubuhi na begi nimelikumbatia kama mtoto mchanga.

Tangu siku hiyo kanuni yangu ni hii: angalia ni wapi treni ni chache, lala kabla ya hapo. Kutoka Basel kwenda kaskazini ikikuacha moja unapanda nyingine. Hamburg–København si hivyo, ni chache kwa siku na kiangazi lazima uwe umeshika siti. Hapo ndipo pana kizibo. Ukilala Hamburg, treni ya kusini ichelewe itakavyo, unachopoteza ni chakula cha jioni.

#8 MzeeWaReli
Shangazi, hilo la kizibo nakubali. Zamani kilikuwa kizibo kibaya zaidi, treni ilikuwa inaingia melini Puttgarden, Ujerumani, inavuka bahari na abiria wake, inatokea Rødby, Denmark.

#9 Chumvi_Kidogo
Treni inaingia melini? Mzee leo umekunywa nini?

#10 MzeeWaReli
Kunywa wewe maji ujifunze. Iliingia melini hadi Desemba 2019. Sasa inazunguka nchi kavu kupitia Jutland, ndiyo maana ni masaa matano kasoro kwa umbali ambao kunguru anakwenda kwa dakika. Wanajenga handaki chini ya bahari, kilomita 18. Na ukitaka kuona treni ikiingia melini hadi leo, nenda Villa San Giovanni kule kusini mwa Italia, zinavuka kwenda Sicilia.

#11 Mama Furaha
Jambo kwenu. Mie niko Liège, wa Goma. Mnaongea hoteli, hoteli, kwani hamna ndugu? Mtu anatoka Bologna mpaka Sweden hana hata binamu Köln? Sisi tunapanga safari kwa ndugu, treni inafuata. Ndugu yuko wapi, hapo ndipo tunalala.

Na chakula mbebe. Mayai ya kuchemsha, chapati, ndizi. Mkate wa kwenye behewa la chakula ni bei ya kuku mzima.

#12 Chumvi_Kidogo
Mayai ya kuchemsha ndani ya behewa lililofungwa vioo, masaa saba. Mama, hao Wajerumani wamekukosea nini?

#13 Mama Furaha
Waliozaliwa na pua nzuri watembee kwa mguu.

#14 Mhasibu Mstaafu
Kabla hamjachagua mji, chagueni tiketi. Mji unafuata tiketi.

Kuna njia tatu. Ya kwanza, tiketi moja inayounganisha safari nzima. Chini ya sheria ya Umoja wa Ulaya iliyoanza kutumika Juni 2023, ukifika umechelewa lisaa limoja hadi mawili unarudishiwa asilimia 25 ya nauli, kuanzia mawili ni asilimia 50, na ukikwama usiku wanapaswa kukutafutia pa kulala. Ya pili, vipande, kama Shangazi. Ni rahisi kwa bei, lakini kila kipande ni mkataba wake. Ya tatu ni pasi ya Interrail, unalipa mara moja unapanda treni za nchi nyingi kwa idadi ya siku ulizonunua. Wengi wetu tunadhani ni ya Wazungu. Si kweli, ni ya mkaazi wa Ulaya, pasipoti yako ya Tanzania haikuzuii, unahitaji uthibitisho wa ukaazi. Mtoto wa miaka 7 anapata yake bure akiwa na mtu mzima. Ila treni za kasi za Italia na zile za Milano–Uswisi lazima ulipie siti juu yake, na ndani ya Sweden unaruhusiwa kutoka mara moja na kuingia mara moja tu.

Ukiwa na pasi, kulala njiani hakuongezi nauli. Ukilala usiku mbili badala ya mmoja unatumia siku moja zaidi ya pasi, basi.

#15 Muunguja77
Kuhusu vipande, mhasibu, mbona mimi nilichelewa nikiwa na vipande na bado nilipandishwa treni iliyofuata? Nilimfuata kondakta wa treni iliyochelewa, akanipigia muhuri kwenye karatasi. Kampuni kadhaa za reli zina makubaliano yao ya kuendeleza safari za nje ya nchi.

#16 Mhasibu Mstaafu
Yapo. Lakini kupandishwa treni inayofuata ni kitu kimoja, hoteli na fidia ni kingine. Usijenge safari ya mtoto juu ya muhuri wa kondakta.

#17 Muunguja77
Mimi naujenga, na ninalala kitandani kwangu.

#18 Kisumu_Bremen
Kwa wale mnabishana kuhusu kuchelewa: mwaka 2024 treni za masafa marefu Ujerumani zilizofika kwa wakati zilikuwa kama 62 kwa kila 100. Na "kwa wakati" kwao ni pungufu ya dakika sita. Kwa hivyo Shangazi hakuwa na mkosi, alikuwa na siku ya kawaida.

#19 Chumvi_Kidogo
Kwetu basi la Mwanza likiharibika Singida angalau kuna mishikaki.

#20 Jirani wa Bombo
Asanteni wote. Naona mzee ananivuta Brenner na Shangazi ananivuta Hamburg. Nilikuwa nimeshaanza kuangalia vyumba Bolzano, kijana kaona picha ya Ötzi hataki tena kusikia kitu kingine.

Basi niseme ukweli, maana naona mnabashiri. Siku ya pili baada ya harusi mke wangu alianza kuona vumbi jeusi kwenye jicho la kulia, na mwanga pembeni kama radi. Tukadhani ni usingizi. Jioni kivuli kikaanza kushuka kama pazia. Retina, ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, ilikuwa imebanduka. Wamemfanyia upasuaji hapa Bologna siku 12 zilizopita, wakamwekea gesi ndani ya jicho ibane retina irudi mahali pake. Amevaa bangili ya hospitali mkononi inayosema ana gesi. Ndege marufuku mpaka gesi iishe. Shule ya mtoto inaanza, na mimi likizo imekwisha tangu wiki jana.

Siku za kulala kifudifudi zimekwisha, anaruhusiwa kukaa. Ila hawezi kubeba begi, na msongamano wa watu unamtia hofu.

#21 Chumvi_Kidogo
Pole sana mkuu. Nafuta #2. Mpe pole shemeji.

#22 Nesi wa Tukuyu
Nilikuwa nasoma tu, hapa imebidi niingie.

Jirani, mzee wa reli akikupeleka Brenner KATAA kwanza. Gesi iliyomo jichoni ni kama puto. Hewa ya nje ikipungua nguvu, puto linatanuka, shinikizo la jicho linapanda, na mtu anaweza kupoteza jicho kabisa. Ndiyo sababu ya marufuku ya ndege: ndani ya ndege hewa ni kama ya mlimani, mita 1,800 hadi 2,400 hivi. Sasa watu wengi wanaishia kwenye neno "ndege". Mlima ni mlima hata ukiupanda kwa treni. Kituo cha Brenner kiko karibu mita 1,370 juu ya bahari, na Bologna iko mita 50 na kitu. Anatolewa bondeni na kupandishwa huko ndani ya asubuhi moja.

Sisemi atapata madhara. Nasema muulizeni daktari aliyempasua, mtajieni mita, sio jina la njia. Muulize pia ni gesi gani, zipo zinazoisha wiki mbili tatu na zipo zinazokaa hadi wiki nane. Na bangili asivue hadi iishe yote, akipatwa na jambo njiani akapelekwa chumba cha upasuaji, kuna hewa ya usingizi ambayo hairuhusiwi kwa mtu mwenye hiyo gesi.

#23 MzeeWaReli
Nesi, umenikalisha. Jirani, futa Bolzano, futa Innsbruck, na kijana mwambie Ötzi amesafiri.

Basi turudi Uswisi, na hapa reli inakusaidia kuliko barabara. Handaki la chini la Gotthard, kilomita 57, lilifunguliwa 2016. Lilichimbwa chini kabisa ya mlima ili treni isipande. Sehemu yake ya juu kuliko zote ni mita 549. Baadaye, 2020, wakamaliza la Ceneri kusini yake. Kwa hiyo Milano–Zürich sasa ni njia karibu tambarare. Ile reli ya zamani ya juu bado ipo, handaki lake la 1882 liko juu ya mita 1,100, watalii wanaipenda kwa sababu kanisa la Wassen unaliona mara tatu ukizunguka. Treni za moja kwa moja hazipiti huko, ila zilipitishwa huko handaki lilipofungwa, Agosti 2023 behewa za mizigo zilipoacha reli, mpaka Septemba 2024 ndiyo likafunguka lote. Siku yenu ya safari angalieni kama hakuna mchepuko.

#24 Muunguja77
Kuna treni pia ya Milano–Basel moja kwa moja kupitia handaki la Simplon, hubadilishi Zürich. Kwa mgonjwa kutobadilisha ni jambo kubwa.

#25 Nesi wa Tukuyu
Hiyo njia inapita juu zaidi ya mita 800. Tena muulizeni daktari. Mimi ningebadilisha Zürich taratibu kuliko kupanda.

#26 Muunguja77
Mita mia mbili na kitu za tofauti, nesi?

#27 Nesi wa Tukuyu
Jicho si lako.

#28 Shangazi wa Basel
Jirani, kama mnapita Uswisi basi lala Basel. Najua naonekana navutia kwangu, lakini sikiliza. Bologna hadi Basel ni kama masaa sita na kusubiri kwake, kwa mtu aliyetoka hospitali inatosha. Hoteli za hapa zinakupa kadi ya kupanda tramu bure siku zote ulizolala, ukitoka stesheni unapanda ya kijani au ya njano huvuki hata ngazi. Na kutoka hapa kuna treni zinazokwenda Hamburg bila kubadilisha. Chukueni treni inayoanzia hapahapa, mabegi yanapata nafasi kabla watu hawajajaa.

Mambo matatu ya Uswisi: simu zenu zizimeni data, maana Uswisi haimo kwenye mpango wa Umoja wa Ulaya wa kutumia kifurushi cha nyumbani. Mimi binamu yangu alitazama mpira kutoka Chiasso hadi Basel, bili yake tulichangia. Pili, mafuta ya kula mwisho lita 5 kwa mtu, dumu lako limepona. Tatu, shukeni Basel SBB. Kuna Basel Badischer pia, iko ndani ya Uswisi lakini ni stesheni ya Wajerumani, wageni wengi wanajichanganya.

#29 Mhasibu Mstaafu
Na pasipoti pamoja na kadi za ukaazi ziwe mkononi, sio begi la chini. Schengen ni Schengen, lakini Ujerumani imeweka ukaguzi mipaka yake yote ya nchi kavu tangu Septemba 2024, na mkivuka daraja la Öresund kutoka Denmark, polisi wa Sweden wanaingia kwenye treni stesheni ya Hyllie.

#30 Chumvi_Kidogo
Swali la kijinga: kwa nini mtu anachoka treni na hajafanya kitu? Nilikaa masaa tisa, sikubeba hata mkoba, nikafika kama nimelima.

#31 Kisumu_Bremen
Hewa. Madirisha hayafunguki.

#32 MzeeWaReli
Si hewa. Ni macho. Kitu kinapita karibu na dirisha, jicho linakifuata, kinapotea, linarudi. Fanya hivyo siku nzima.

#33 Mama Furaha
Ni njaa. Hamkubeba mayai.

#34 Shangazi wa Basel
Ni roho. Tangu Göttingen mimi kila treni ikipunguza mwendo moyo unapunguza pia. Unayeunganisha treni tatu hujapumzika, uko kazini.

#35 Nesi wa Tukuyu
Hamnywi maji kwa sababu choo cha stesheni ni yuro moja. Nawajua.

#36 Chumvi_Kidogo
Hapo nesi kanipiga kwenye mshono. Nimezoea kuchimba dawa bure porini Wami, leo niweke yuro kwenye mashine ili nikojoe?

#37 Muunguja77
Jirani nimekumbuka kitu, na sijui kwa nini sote tumekitupa. Wewe unakwenda GÖTEBORG. Kuna meli ya usiku Kiel–Göteborg. Inaondoka saa moja kasorobo jioni, inafika saa tatu na robo asubuhi. Hamburg–Kiel kwa treni ni lisaa na ushei, na gati la Kiel si mbali na stesheni. Mnachukua kibanda chenye vitanda na choo chake. Hakuna Hamburg–København, hakuna kizibo cha Shangazi, hakuna Hyllie, hakuna kubeba mabegi København. Mnaamka, mnakunywa chai, mko nyumbani. Na nesi hana neno: bahari ni mita sifuri.

#38 MzeeWaReli
Mwunguja na meli. Ila safari hii umetupiga bao.

#39 Shangazi wa Basel
Mimi naona hatari moja. Treni ikikuacha Hamburg kuna ya kesho asubuhi. Meli ikikuacha Kiel umengoja hadi jioni ya pili. Umebadilisha kizibo kwa kizibo kikubwa zaidi. Na wanafunga kupokea abiria mapema.

#40 Muunguja77
Ndiyo sababu unaondoka Basel saa moja asubuhi. Ichelewe masaa mawili bado umefika.

#41 Shangazi wa Basel
Göttingen nilisema hivyohivyo.

#42 Kisumu_Bremen
Na bahari ikichafuka? Mtu ametoka upasuaji wa jicho anatapika usiku kucha?

#43 Nesi wa Tukuyu
Kutapika kwa nguvu si kitu ningemtakia. Waangalie utabiri wa upepo Kattegat, na wamwulize daktari kuhusu dawa ya kichefuchefu kabla hawajanunua. Meli yenyewe sina ubaya nayo.

#44 Mhasibu Mstaafu
Nimejumlisha harakaharaka: Basel usiku mmoja na meli usiku wa pili, au Basel usiku mmoja na Hamburg usiku wa pili. Ukitoa nauli ya Hamburg–København–Göteborg kwenye bei ya kibanda, tofauti si ya kugombania. Chagueni kwa sababu nyingine.

#45 Chumvi_Kidogo
Hoteli ya Milano msichukue ya mlango wa namba kama yangu. Nilifika saa sita usiku, mapokezi hakuna, mlango unataka namba, namba iko kwenye barua pepe, barua pepe iko kwenye simu, simu imezima. Nililala nikiwa nimesimama kwenye baa ya stesheni. Uliza kwanza: kuna MTU?

#46 Jirani wa Bombo
Nimerudi. Leo tumemwona daktari. Nimemsomea mita kama nesi alivyosema, akacheka, akasema hajawahi kuletewa orodha ya stesheni. Kwa mke wangu kasema Brenner hapana, Gotthard ya chini sawa, Simplon "kama hamna njia nyingine". Gesi yake ni ya wiki mbili tatu, imebaki kama theluthi. Dawa ya kichefuchefu katoa.

Basi Basel tunalala. Usiku wa pili bado tunabishana, mimi nasema Hamburg.

#47 MzeeWaReli
Bologna mfike mapema. Treni za kasi ziko chini ardhini, majukwaa 16 hadi 19, unashuka na kushuka. Tumieni lifti. Na kama mna dakika, juu kwenye ukuta wa nje kuna saa iliyosimama saa nne na dakika 25. Ni ya bomu la tarehe 2 Agosti 1980, watu 85 walikufa pale.

#48 Pangani Mwenyewe
Mimi ndiye mke. Nimejiunga leo kwa ajili ya uzi huu. Nimeusoma wote kwa jicho moja, tuko chumbani Basel.

Kwanza nesi, asante. Mungu akuzidishie.

Pili, mabandiko 47 ya nilale wapi, na hakuna aliyeniuliza.

Ngoja niwaambie inavyokuwa. Gesi ikipungua unaona mstari, chini yake kiza, juu yake kweupe, kama unatazama dunia kupitia dumu la maji lililojaa nusu. Nikikaa kimya umelala. Treni ikipinda, mstari unapinda. Ikifunga breki unapanda na kushuka. Kwenda Milano nilitaka kulia. Ndani ya Gotthard ikawa shwari, dakika ishirini hivi, nje giza, treni haitikisiki, mstari ukatulia kabisa kama bahari ya asubuhi kule kwetu. Nikasinzia. Ndipo nikajua ninachotaka si mji. Nataka mahali ambapo mstari haupandi na kushuka kila dakika kumi, na nisipokee bega la mtu begani kwangu. Stesheni ya Hamburg nimeiona kwenye video, ile ngazi na ule umati, kupita mara moja sawa, kurudi tena asubuhi hapana.

Kwa hiyo meli. Upepo wa kesho ni mdogo, nimeangalia. Mimi ni mtoto wa Pangani, nimevuka kwa ngalawa kabla ya kuota meno.

#49 Muunguja77
Semeni sasa. Semeni.

#50 Shangazi wa Basel
Mdogo wangu karibu Basel! Lakini treni ya saa moja asubuhi, nakuapia, si ya saa mbili.

#51 Kisumu_Bremen
Meli inayumba pia lakini, mstari si utapanda na kushuka polepole usiku mzima?

#52 Nesi wa Tukuyu
Alale, afumbe macho, hatauona. Alale ule upande daktari aliomwelekeza.

#53 MzeeWaReli
Mimi bado ningelala Hamburg, kwenye hoteli ya mtaa wa nyuma. Ila si jicho langu, nimeshaambiwa.

#54 Jirani wa Bombo
Tuko Kiel. Treni ilichelewa dakika 55, tumefika na mapema ya kutosha, Shangazi hakuapa bure. Mke wangu yuko dirishani anaitazama meli, mtoto anataka kujua kama Ötzi angeogopa kupanda.

Kuna jambo la kukiri. Asubuhi stesheni ya Basel alikuja mama mmoja na mfuko wa chapati za moto. Mke wangu akamtazama, akatazama mabegi, akatazama dumu. Wakwe wasije wakasoma uzi huu.

#55 Chumvi_Kidogo
DUMU LIKO WAPI?

#56 Shangazi wa Basel
Limo jikoni kwangu na nimelipima. Lita nne na nusu. Jirani, jibu.